Wasomaji Wanauliza: Jarida la Picha Linaishije kwa Ada za Wasomaji Wake?

Toleo lililopita lilikuwa na makala fupi kuhusu majarida ya upigaji picha yanayojitegemea, yaani yale yasiyomilikiwa na kampuni kubwa na yasiyoendeshwa kwa matangazo ya kamera, bali kwa fedha za watu wanaoyasoma. Barua zilizoletwa na makala hiyo zimezidi nafasi ya kawaida ya safu hii, kwa hiyo mwezi huu tumeitenga yote kwa ajili yake. Majina ya walioandika tumeyaacha, kama baadhi yao walivyotuomba.

Ndugu Mhariri, salaam sana. Mliandika kwamba Marekani kuna majarida ya picha yaliyodumu miongo mingi kwa ada za wasomaji peke yake. Nakiri kwamba nilisoma kwa mashaka. Hapa kwetu nimeona magazeti yenye maelfu ya wanunuzi yakifa. Jarida la watu wachache linaponaje? Au kuna tajiri aliyejificha nyuma yake? (Msomaji, Tanga)

Ndugu yetu wa Tanga, mashaka yako yana msingi, na mfano mmoja mashuhuri sana unakuunga mkono. Mpiga picha Alfred Stieglitz alipoanzisha jarida la Camera Work mjini New York, toleo la kwanza likiwa la Januari 1903, alikusudia kuthibitisha kwamba picha ya kamera ni sanaa kamili, na alitaka kila nakala ya jarida iwe ushahidi wa hoja hiyo. Picha zilichapwa kwa mabamba ya shaba yaliyochongwa kwa asidi, nyingi kwenye karatasi nyembamba ya Kijapani, kisha zikabandikwa kwa mkono ndani ya kila nakala. Kazi hiyo ilikuwa safi kiasi kwamba mwaka 1904, picha za kikundi chake cha wapiga picha ziliposhindwa kufika kwenye maonyesho ya Brussels, zilitundikwa zile za jaridani badala yake, na watazamaji wengi wakaamini kwamba ndizo picha asilia. Stieglitz alishikilia kwamba kila toleo lichapwe nakala 1,000, wanunuzi wawepo wasiwepo, na ni katika matoleo mawili ya mwisho tu ambapo alikubali kushuka hadi 500. Pengo lote alilijaza yeye mwenyewe. Wakati huohuo waliojiandikisha walizidi kupungua, hasa baada ya jarida kugeukia kazi za wachoraji Matisse na Picasso, ambazo wapiga picha wengi waliokuwa wamelipia hawakuzitarajia. Kisha vita vya 1914 vikapandisha gharama na kuvuruga njia za Ulaya. Lilipofungwa mwaka 1917, waliokuwa bado wanalipa walikuwa 37.

Simlaumu Stieglitz kwa kuchapisha Picasso. Macho yake yaliona mbele kuliko ya wengi wa zama zake. Ninachokiona katika hesabu zile ni kwamba fedha ya mtu mmoja ilimziba mhariri masikio. Wasomaji walikuwa wanamwambia jambo kila mwaka kwa kutolipia upya, naye hakulazimika kuwasikiliza wala kuwaeleza kwa subira anakokwenda, kwa sababu bili ya mchapaji ililipwa hata hivyo. Jarida linaloishi kwa ada halina nafasi hiyo. Kila mwisho wa mwaka linapigiwa kura, na mhariri hupata habari yake mapema, wakati bado kuna la kufanya.

Sasa uangalie Aperture. Wazo lake lilizaliwa mwaka 1951 katika mkutano wa wapiga picha huko Aspen, Colorado, na toleo la kwanza likatoka mwaka 1952. Miongoni mwa waanzilishi walikuwamo Ansel Adams, Dorothea Lange, Barbara Morgan, Nancy na Beaumont Newhall, pamoja na Minor White, aliyebeba uhariri hadi miaka ya 1970. Lilikuwa kijitabu kidogo kinachotoka mara nne kwa mwaka, na kwa miaka mingi ya mwanzo wasomaji wake walikuwa wachache kwa kipimo chochote. Nguzo iliyolishikilia baadaye ni kwamba lilisimamishwa kama taasisi isiyogawana faida, ikaanza kuchapa vitabu na kuuza picha zinazochapwa kwa idadi maalumu isiyoongezwa. Kitabu cha picha za mpiga picha Diane Arbus kilichotolewa na taasisi hiyo mwaka 1972 kimechapwa tena na tena hadi leo. Usajili peke yake usingelifikisha Aperture hapa lilipo, na ni haki niliseme hilo wazi, lakini taasisi ile ilijengwa na kundi lilelile la watu walioanza kwa kulipia jarida.

Mfano ulio karibu zaidi na swali lako ni SHOTS, lililoanzishwa Marekani mwaka 1986 na Daniel Price. Ni jarida la picha za nyeusi na nyeupe, na wengi wa wanaolisoma ni wapiga picha wenyewe: mhariri hutangaza mada ya toleo lijalo, wasomaji hutuma kazi zao, na zilizochaguliwa huchapwa. Price alilikabidhi kwa mwingine, naye kwa mwingine, na jarida likaendelea. Mwaka 1993 lilianza LensWork, la Brooks Jensen, ambalo halichukui matangazo kabisa na huweka umuhimu wake kwenye picha na fikra za mpiga picha badala ya vifaa vyake. Katika majarida haya mawili hutaona tajiri aliyejificha. Utaona orodha ya majina na anwani, inayotunzwa kwa uangalifu mkubwa, na ambayo mhariri anaweza kumrithisha mwenzake siku akichoka.

Kuhusu magazeti ya maelfu yaliyokufa: mengi yaliuzwa kwa wakala na kwenye meza za wauza magazeti, na huko wakala huchukua sehemu yake, muuzaji huchukua yake, na nakala zisizonunuliwa hurudi zikiwa zimefifia kwa jua, hazifai tena. Mchapishaji hulipia karatasi na wino wa nakala ambazo hakuna aliyezihitaji, halafu hutegemea matangazo yafidie hasara, na mtangazaji mkubwa akijitoa hakuna kinachobaki. Mwenye wasomaji 600 waliokwisha kulipa anajua, kabla ya mashine kuwashwa, kwamba atachapa nakala 650. Uchache wa wasomaji haujawahi kuwa ndio ugonjwa. Kutojua idadi yao ndiko kunakoua.

Mhariri, shikamoo. Sisi ni kikundi cha wapiga picha vijana hapa Mwanza. Riziki yetu ni harusi na mahafali, lakini kila mmoja ana picha alizopiga kwa mapenzi yake: wavuvi, masoko, watu wa visiwani. Tunataka kutoa jarida mara nne kwa mwaka. Duka moja la kamera limeahidi kutulipia kurasa za matangazo. Ada tuiweke kiasi gani, na tuanze na lipi? (Msomaji, Mwanza)

Marahaba, vijana. Anzeni na hesabu, kabla ya jina na kabla ya jalada, kwa sababu jina mtalipata kwa jioni moja, ilhali hesabu mbaya itawafuata miaka.

Nitatumia tarakimu za mfano tu. Za kwenu mtazipata kwa kuzungumza na wachapaji wasiopungua watatu. Tuseme gharama zisizobadilika za kila toleo, yaani upangaji wa kurasa, utayarishaji wa picha, mabamba ya mashine na posho ndogo ya mhariri, ni shilingi 3,000,000. Hizo mtalipa hata mkichapa nakala moja. Tuseme tena kwamba kila nakala inagharimu shilingi 6,000 za karatasi, wino na kufungwa, na shilingi 4,000 za kufungasha na kusafirisha. Mkiiuza kwa shilingi 20,000, kila msomaji anawaachia 10,000 za kupunguza ule mzigo wa milioni tatu, kwa hiyo mnahitaji wasomaji 300 ili msipate hasara wala faida. Ada ya mwaka inakuwa shilingi 80,000. Ikiwaonekea kubwa, msikimbilie kuishusha. Mkiipunguza hadi 60,000, kila msomaji atawaachia shilingi 5,000 tu kwa kila toleo, nanyi mtahitaji wasomaji 600, yaani mara mbili ya wale wa kwanza. Vijana wengi hushusha bei kwa huruma, kisha huishia kutafuta watu ambao hawapo.

Jambo la pili ni gumu kuliko la kwanza, na ndilo linaloyaua majarida mengi yaliyoanza vizuri. Wasomaji 300 wakilipa ada ya mwaka mzima mwezi Januari, mtakuwa na shilingi 24,000,000 kwenye akaunti, na mtajiona matajiri. Fedha hiyo si yenu. Robo yake, milioni sita, ni ya toleo la kwanza. Milioni kumi na nane zilizobaki ni deni mnalodaiwa na watu 300 ambao bado hawajapokea matoleo matatu. Kila robo ya mwaka hamisheni sehemu ya toleo moja tu kwenye akaunti ya matumizi, na iliyobaki ikae mahali ambapo kuichukua kunahitaji saini za watu wawili au watatu. Mkinunua lenzi mpya kwa fedha ya toleo la Oktoba, toleo la Oktoba mtalichapa kwa ada za wasomaji wa mwaka unaofuata, na kuanzia hapo mtakuwa mnakimbiza kivuli chenu.

Kisha hesabuni wanaorudi kuliko mnavyohesabu wanaoingia. Mwaka wa kwanza ndugu, marafiki na wateja wenu wa harusi watalipa kwa ajili ya kuwaunga mkono. Kipimo ni mwaka wa pili. Tuseme kati ya 300 wamelipia upya 260. Kwa tarakimu zetu, kila toleo litaingiza shilingi 5,200,000 na kugharimu 5,600,000, kwa hiyo mtapata hasara ya shilingi 400,000 kwa kila toleo, au 1,600,000 kwa mwaka. Watafuteni wale 40 kwa simu, mmoja mmoja, bila kuwalaumu, muwaulize kwa nini hawakuendelea. Wengine watasema walisahau, na hao watalipa siku hiyohiyo. Wengine watasema toleo la pili halikuwafikia kabisa, na hapo ndipo mtakapojua kasoro ilipo.

Usafirishaji kwetu unahitaji fikra za kwetu. Mmarekani ana anwani ya nyumba, na posta humpelekea hadi mlangoni. Msomaji wenu wa Bukoba au Musoma huenda hana sanduku la posta, au anatumia la ofisi ya shemeji yake. Njia ambayo watu tayari wanaiamini ni basi: bahasha ngumu yenye jina na namba ya simu, stakabadhi ya kifurushi, na ujumbe kwa msomaji kwamba mzigo umeondoka na basi gani. Katika kila mji wenye wasomaji zaidi ya kumi, mwombeni mmoja wao apokee furushi zima na kuwagawia wenzake, nanyi mumsamehe ada yake. Ada zenyewe zipokeeni kwa namba ya malipo ya simu iliyosajiliwa kwa jina la kikundi, kamwe isiwe namba ya mtu binafsi, hata awe mwaminifu namna gani, kwa sababu siku akihama au akifariki orodha na akiba vitaondoka naye.

Mkienda kwa mchapaji, mwulizeni karatasi yake inakunjwa kurasa ngapi. Mara nyingi karatasi kubwa moja hutoa kurasa 16, hivyo jarida la kurasa 48 au 64 halipotezi kitu, ilhali la kurasa 52 linawalipisha karatasi msiyoitumia. Na kabla hajachapa lolote, aombwe atoe ukurasa wa majaribio kwa karatasi ileile mtakayotumia, kisha uchukueni nje, kivulini, mkautazame kwa mwanga wa mchana. Angalieni uso wa mvuvi mwenye ngozi nyeusi chini ya kofia: kama shavu na kivuli vimekuwa doa moja, picha haijatayarishwa kwa karatasi hiyo. Msomaji aliyelipa shilingi 80,000 analipia shavu hilo.

Duka la kamera msilifukuze. Kurasa mbili za matangazo, mwishoni, kwa bei iliyoandikwa na inayojulikana kwa kila anayetaka kutangaza, hazina ubaya. Ila fedha ya matangazo msiiingize katika ile hesabu ya wasomaji 300. Itumieni kwa kurasa za ziada au kwa kumlipa mpiga picha. Mkiitegemea kwa uhai wenu, haitapita miaka miwili kabla hamjaombwa kuandika makala ya kusifu kamera fulani, na mtakapofanya hivyo, msomaji wenu wa dhati atajua kabla ya kumaliza ukurasa.

Assalaam alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Pemba, nimekaa Muscat miaka mingi. Jarida la picha za kwetu likitokea, niko tayari kulipa hata mara mbili ya ada. Je, inafaa aliyelipa zaidi kuomba picha za kwao zichapwe mara kwa mara? (Msomaji, Muscat)

Waalaykum salaam, ndugu yetu, na Mungu akujaalie. Watu wa aina yako ndio wanaofunika pengo ambalo bei haiwezi kulifunika. Rejea hesabu ya vijana wa Mwanza: hasara yao ya shilingi 1,600,000 kwa mwaka inafutwa na wasomaji 20 tu wanaolipa mara mbili. Ndiyo maana majarida mengi yanayojitegemea huweka ngazi ya ada ya kawaida, ngazi ya juu kwa anayejiweza, na wakati mwingine ngazi ya chini kwa mwanafunzi, na wa juu hawajui wala hawaulizi ni mwanafunzi gani waliyemsaidia.

Lakini kuhusu kuomba picha, jibu langu ni hapana, na nalisema kwa heshima. Omba kama msomaji yeyote anavyoomba, kwa barua, na mhariri aipime hoja yako bila kuangalia ulilipa kiasi gani. Siku ukurasa ukichaguliwa kwa uzito wa mfuko, picha ya Pemba itachapwa hata ikiwa dhaifu, na wewe mwenyewe uliyeipenda Pemba ndiye utakayeona haya. Unachostahili kupata ni shukrani ya wazi, jina lako likiwa kwenye ukurasa wa mwisho ukipenda, na pengine picha moja iliyochapwa vizuri na kutiwa saini na aliyeipiga.

Hilo la picha lina utaratibu wake, na wahariri wanaolianza wausikie. Idadi itangazwe kabla ya kuuza na isiongezwe kamwe, kila picha iandikwe namba yake, karatasi iwe ya kudumu, na mapatano na mpiga picha yawe kwa maandishi, yakionyesha anapata sehemu gani ya kila shilingi.

Mhariri, kwa nini kuhangaika na karatasi ilhali kila mtu ana simu, na picha zinatumwa bure? (Msomaji, Nakuru)

Kwa sababu kwenye simu picha hupita, na hakuna aliyelipia kupita kwake. Jarida hupanga picha kumi na mbili za mtu mmoja kwa mfuatano alioufikiria mhariri, ya kushoto ikizungumza na ya kulia, na msomaji akazirudia mwaka mzima. Toleo la kusomwa kwenye simu liwepo, hasa kwa walio ng'ambo ambao nauli ya kifurushi inawashinda, na lilipiwe pia, kwa bei nafuu. Linaloharibu ni kulitoa bure kwa wote huku ukimtoza aliyenunua karatasi. Huyo atajiona amekuwa mjinga kwa uaminifu wake.

Ndugu Mhariri, niliwahi kulipia jarida moja kwa mwaka mzima, nikapokea matoleo mawili, kisha kimya hadi leo. Sijawahi kulipia tena jarida lolote. Je, kuna namna ya heshima ya kufunga jarida? (Msomaji, Unguja)

Ipo, na nakushukuru kwa kuuliza, kwa sababu kimya ulichofanyiwa kimewanyima wahariri wengine wasio na hatia wasomaji wao. Mhariri anayeona mwisho unakuja anatakiwa kwanza aache kupokea ada mpya, siku hiyohiyo. Kisha awaandikie wote waliolipa, awaeleze amebakiwa na kiasi gani na kila mmoja anadai matoleo mangapi. Kama ile akiba ya saini za watu wawili au watatu haikuguswa, kila mtu atarudishiwa fedha yake kwa njia ileile aliyolipia. Kama haitoshi, wagawiwe kwa uwiano, na tarakimu ziwekwe wazi. Njia nyingine ambayo majarida huitumia ni kupatana na jarida jirani lipokee wasomaji na kuwapelekea idadi ya matoleo wanayodai, ila msomaji aulizwe kwanza, kwa kuwa huenda halitaki hilo jingine, na namba yake ya simu haikutolewa ili ipewe wageni.

Kabla ya kufika huko kuna hatua ambayo wengi huiruka, nayo ni kuwaambia wasomaji mapema, angalau mwaka mmoja kabla, kwamba hesabu hazifungi. Mhariri huona aibu, hudhani watakimbia. Huenda wapo watakaokimbia. Lakini mtu aliyelipa miaka mitano mfululizo ana haki ya kujua, na mara nyingi ndiye atakayependekeza matoleo matatu badala ya manne, karatasi nyepesi zaidi, au mtu wa kuushika uhariri. Nakala zilizobaki za matoleo ya zamani zisitupwe wala kuuzwa kwa kilo. Seti kamili ipelekwe maktaba ya taifa na nyingine kwenye chuo kinachofundisha uandishi wa habari au sanaa, pamoja na barua inayoeleza nani alilihariri na kwa miaka ipi. Nawe, ndugu yetu wa Unguja, ukiombwa tena ada na jarida lolote, liulize mambo mawili kabla ya kulipa: fedha ya matoleo yasiyotoka inakaa wapi, na ni nani wanaotia saini.